Jipu la Shemegi

Kaswende. Nalitaja mwanzo kabisa, ili anayetaka kufunga kitabu akifunge sasa hivi, asije kunilalamikia mbele ya safari. Kwetu Pemba neno hili halitajwi. Wazee walikuwa na lao, sekeneko, nalo likisemwa kwa kunong'ona, mkono umeziba mdomo. Mama mkwe wangu, Mungu amzidishie umri, hakuwa na jina lolote. Yeye alisema "yale mambo", akageuza uso. Mie yale mambo yamenichosha. Yalinichukulia mtoto mmoja, yakaja kumtaka na wa pili, na waliokuwa wakiyafungulia mlango ni watu wangu mwenyewe, wanaonipenda, kwa kuwa tu wanaona haya.

Mtoto wa kwanza nilimzaa hana roho. Mwanamme, kakamilika vidole vyote, na nywele za kutosha kichwani. Mimba ile tuliificha kama ilivyo ada, husuda isije ikaiona, na tulivyojua kuificha hata kliniki haikuiona. Mtoto akacheza tumboni mpaka mwezi wa nane, kisha siku moja akatulia. Waliokuja kunipa pole walisema ni chango. Chango ni kitu ambacho kila mwanamke wa kwetu huambiwa anacho tumboni, na kila kinachoharibika katika uzazi husingiziwa hicho. Nikanywa mizizi ya chango, michungu hata ulimi ukafa ganzi. Nikaandikiwa kombe, aya za Kurani kwenye sahani zikasuuzwa kwa maji, nikanywa, na kombe silisemi vibaya, maneno ya Mungu ni shifaa. Lakini Mungu huyohuyo kaumba na kipimo, na mie kipimo hakuna aliyenitajia.

Mimba ya pili sikumwambia mtu. Nilipojijua tu, nikaacha mwani wangu umelowa kwenye magunia ufukweni, nikavaa buibui nikaenda kituo cha afya peke yangu. Nilisema moyoni, watakaohusudu na wahusudu, huyu nitamzaa.

Muuguzi aliyekuwapo alikuwa mgeni kwetu, kaletwa karibuni kutoka Makoongwe, kule kusini. Hakuwa akizijua sura za watu wa huku kaskazini, wala hakuwa na ndugu wa kumpelekea maneno, na hilo mie nililiona neema. Alinitoboa kidole, akadondosha damu kwenye vipimo vidogo viwili, tukangoja huku akiniuliza mambo ya mwani. Kimoja kilikuwa cha ukimwi, kikatoka salama. Cha pili akakitazama, akanitazama na mie, akavuta kiti chake karibu.

"Bi, una kaswende kwenye damu," akasema, bila kunong'ona.

Nilihisi kama nimevuliwa nguo sokoni. Nikamwambia, mie mwanamke wa mume mmoja, niliolewa mwari, sina kidonda wala upele. Akasema hakuniuliza hayo. Akanieleza kuwa ugonjwa huu hujificha mwilini miaka na miaka, mtu haumwi wala hawashwi, huku unapita kwenye damu kumfuata mtoto. Unaweza kumuua kabla hajazaliwa. Nikamuuliza, mtoto wangu wa kwanza je? Akasema hawezi kuapa juu ya maiti asiyepimwa, lakini kama angekuwa yeye, chango asingekihukumu peke yake. Nililia pale mpaka ushungi ukarowa. Alipoona nimemaliza kulia akachukua sindano, akanichoma kalioni dawa nzito kama uji, na nilikwenda nyumbani nikitembea kama bata.

"Za kwako ni tatu, moja kila wiki," alinambia nikiwa mlangoni. "Na mumeo naye aje achomwe. Msikutane mpaka nyote wawili mmalize. Asipochomwa yeye, atakurudishia, na hapo nitakuwa nimekuumiza bure."

Mume wangu wakati huo alikuwa kesharudi kutoka dago, kambi za wavuvi huko mbali wanakokaa wiki nyingi wakivua na kukausha samaki. Si mtu mbaya. Ana cheko la kusikika nyumba ya tatu, na hajapata kuniinulia mkono. Nilimwambia jioni, baada ya chakula, kwa neno lilelile la muuguzi. Cheko likakatika. Akatazama sahani, akanawa, akavaa makubadhi, akaenda kwa mama yake.

Nyumba yetu na ya mama mkwe zinatazamana. Ukikohoa huku unaambiwa pole kule. Hakukupita muda mama mkwe akaingia, kajitanda kanga kama anayekwenda matangani.

"Mwanangu, yale mambo umeyatoa wapi?"

"Nimeyatoa humuhumu ndani, mama."

"Mwanangu mie mzima. Mtazame, mwili kama jiwe."

"Basi akapimwe, tulione hilo jiwe."

"Lahaula! Mwanamme akavue suruali mbele ya mtoto wa kike wa watu? Kwa sababu yako weye?"

"Kwa sababu ya mjukuu wako," nikamwambia.

Akanitazama kwa jicho lile ambalo kila mke wa mwana analijua, akatoka. Nikajua vita vimeanza. Lakini asubuhi ya pili akaja kapoa, sauti ya asali, akasema, "Atakwenda. Nimezungumza naye, atakwenda." Na kweli siku ile mume wangu alivaa kanzu safi, akapiga na manukato, akaondoka. Mchana akarudi. Nikamuuliza vije? Akasema, "Tayari." Nikamuuliza inauma? Akasema, "Kidogo tu." Akakaa kitako kwenye mkeka, miguu kaikunja, akala wali kwa changu mpaka akakomba sahani. Mie sindano ya kwanza ilinifanya nilale kifudifudi usiku kucha! Nikasema moyoni, ama kweli wanaume wameumbwa kwa kitu chengine.

Sasa niseme habari za shemegi. Shemegi ni mdogo wake mume wangu, wamefuatana, na sura wamegawana sawasawa. Ukimuona mmoja kwa mbali unaweza kumwita kwa jina la mwengine. Anakaa kwa mama yao. Kazi yake bodaboda, na watu wote wanajua kijiwe chake pale njia panda, hushinda juu ya pikipiki yake tangu asubuhi kama kuku anayeatamia. Basi wiki ileile shemegi akawa hakai. Anasimama ubavuni mwa pikipiki, kaiegemea. Abiria wakija anasema hapakii. Kwenye chakula cha Ijumaa, ambacho tunakula pamoja kwa mama mkwe, alilala ubavu kama sultani, akala hivyohivyo.

"Shemegi, una nini?"

"Jipu," akasema, bila kunitazama.

Wiki iliyofuata kageuka, kalalia ubavu wa pili. Nikamuuliza, jipu limehama? Akasema yakhe wacha tu, limehama. Wiki ya tatu likarudi lilikotoka. Mume wangu pale pembeni kakaa kitako raha mustarehe, anavunja mkate wa mofa. Na mie, mjinga miye, nikamuonea huruma shemegi! Nikamchemshia maji ya chumvi, nikampelekea mwenyewe na kitambaa cha kujikandia. Mama mkwe aliyapokea maji yale mlangoni, akanambia Mungu akulipe.

Nilipokwenda kumalizia sindano yangu, muuguzi alimsifu mume wangu. Alisema ni wachache wanaokuja, na wanaokuja huchoma moja wakakimbia, lakini wangu katimiza zote. Nilirudi nyumbani nimeinua kichwa. Siku zilizohesabiwa zikapita, tukarejea kuwa mke na mume, na mtoto tumboni anarusha mateke. Nilikuwa na furaha, nalisema bila kuona haya. Nilikuwa na furaha kabisa.

Kwa sababu ya yule wa kwanza aliyetangulia mbele ya haki, niliambiwa nisizae kijijini, nishuke Chake, hospitali kubwa. Nikazaa mtoto wa kike, asubuhi, jua limeshawaka. Alilia! Nyie mliozaa watoto wanaolia hamjui kilio kile kilivyo kitamu. Mie niliwahi kuzaa katika kimya. Nilimwambia mkunga, mwache alie, msimnyamazishe.

Damu yangu ikachukuliwa tena, na ya mtoto pia. Baadaye daktari, mwanamke kijana, akaja kitandani na uso usio wa heri. Akaniuliza kama nilichomwa kweli zile sindano. Nikamwambia zote. Akasema ndiyo, inaonyesha, baada ya dawa ugonjwa ulikuwa umeshuka. Kisha umepanda tena.

"Umepandaje?" nikauliza.

"Umeingia upya, Bi. Haujipandishi wenyewe. Mumeo alitibiwa?"

"Alitibiwa. Zote tatu."

Daktari akaitazama tena karatasi yake. "Basi kuna mahali pameharibika," akasema.

Akanieleza habari ya mtoto. Alikuwa mzuri wa kumtazama, ananyonya, ngozi laini, hana doa. Lakini akasema watoto kama huyu, ambao mama zao waliambukizwa tena mimba ikiwa ndani, huhesabiwa wako hatarini hata kama wanaonekana wazima. Maradhi hujitokeza baadaye, kwenye mifupa, machoni, masikioni, na wengine hufa kabla hata hayajajitokeza. Dawa yake ni kulazwa siku kumi, anachomwa asubuhi na jioni, na isikatike hata siku moja. Ikikatika huanzwa upya. Wakamtia mpira mdogo kwenye mshipa wa mkono, mshipa wenyewe kama uzi wa kushonea. Mie nilimshika ule mkono wa pili. Nami nikaanzishiwa sindano zangu upya, kalio lilelile.

Nilikaa nikiwaza. Mume wangu alikwenda, muuguzi alimsifu. Basi pameharibika wapi? Wahenga wamesema kikulacho ki nguoni mwako, nami nikawa napekua nguo zangu zote kichwani, moja moja. Mara nikamuona shemegi kasimama njia panda, kaegemea pikipiki. Nikamuona kalala ubavu wa kulia. Nikamuona kalala ubavu wa kushoto.

Alikuja mwenyewe mchana, kaniletea uji wa pilipili manga aliopika mama yake, kwenye chupa ya chai. Akautua. Akamchungulia mtoto, akasema mashaallah. Nikamwacha amalize.

"Shemegi," nikamwambia, "lile jipu lilikuwa la nani?"

Uso ulimuanguka. Sijapata kuona mtu mzima anavunjika upesi vile. Alikaa kwenye kiti, akafunika uso kwa viganja viwili, na yote yakamtoka. Kumbe kaka yake aliapa hatavua nguo mbele ya muuguzi wa kike, akasema bora arudi dago asionekane tena. Mama yao akakaa akafikiri. Kisha akasema, hija, nguzo ya dini, mtu akishindwa kwenda hupelekewa badali, nduguye akamhijia. Bi harusi hakai mbele ya kadhi, husimamiwa na walii wake, na ndoa ikaswihi. Basi sindano ni kitu gani hata isiwe na badali? Hawa ndugu, damu moja, ziwa moja. Mmoja akichomwa, amechomwa na mwenziwe.

"Na weye ukakubali?"

"Mama kataja radhi, shemegi. N'ngefanyaje?"

"Na kaka yako muda wote huo alikuwa wapi, na kanzu yake na manukato?"

"Kakaa nyuma ya kituo, kwenye mikarafuu. Akiningoja nitoke."

Nikacheka. Wallahi nilicheka, mpaka mshono ukaniuma, mpaka mama wa kitanda cha pili akaniuliza kama nimepandwa na pepo. Kijana wa watu kachomwa sindano tatu zenye moto kama pilipili kwa ugonjwa wa mtu mwengine, kisha nikampelekea maji ya chumvi! Nilicheka, halafu nikamtazama mwanangu na ule mpira mkononi, na kicheko kikageuka. Hasira niliyoiona siku ile sikuwa nikijua kama ninayo. Sikulia hata tone.

"Mwambie kaka yako," nikasema, "mwanawe anachomwa asubuhi na jioni, na huyu hana wa kumsimamia. Mie na mtoto hatutii mguu katika nyumba ile mpaka yeye aje hapa na mwili wake mwenyewe."

Shemegi akaenda. Nilimpigia mume wangu simu. Ikaita mpaka ikachoka. Siku hiyo hakuja, wala ya pili yake. Siku zikawa zinapita, mtoto anachomwa, mie nachomwa, na kiti cha wageni kitupu. Wauguzi walinionea huruma wakawa wanaketi hapo wao.

Siku ya saba akaja mama mkwe. Siku ya saba kwetu mtoto hunyolewa nywele, huchinjiwa mbuzi, hupewa jina mbele za watu. Mie nilikuwa nimeisahau. Yeye hakusahau hata uzi mmoja. Kaingia wodini na buibui jipya, nyuma yake shemegi kabeba kikapu, na ndani ya kikapu wembe mpya, sahani, asumini, na kanga pea ya kumfunikia mtoto. Gari lilikuwa nje linanguruma.

"Haya, mwanangu, tunakwenda. Watu wameshakaa. Mbuzi keshalala."

"Mtoto hatoki, mama. Dawa haijesha."

"Siku sita zote dawa? Mtoto mzima huyu, mnamtoboa wa nini? Atakuja kumalizia kesho."

Muuguzi wa zamu akamwambia kwa adabu kuwa akikosa leo, wanaanza upya. Mama mkwe hakumtazama. Akanyoosha mikono kumchukua mtoto.

Niliuweka mkono wangu katikati. Sijapata kumzuia mama yule kitu chochote tangu niolewe. Nguo zake nafua, maji nampelekea, akiniita naitika labeka. Siku ile niliuweka mkono.

"Watu wameshaalikwa!" akasema, sauti imeanza kupanda. "N'tawaambia nini? Mtoto yuko wapi, n'tawaambia nini?"

"Waambie ana dawa ya kaswende."

"Nyamaza!"

"Kaswende, mama." Nikasema kwa sauti iliyofika mlangoni. Wodi nzima ikageuka, wazazi wote na wageni wao. "Mie nilikuwa nayo, na mwanao anayo, na mtoto anatibiwa isimpate. Nani kauawa kwa kuisikia? Wangu wa kwanza kafa kwa kufichwa. Mficha uchi hazai, mama. Tumeficha mpaka tumezika!"

Mama wa kitanda cha pili alijifanya anamfunga mtoto wake nepi. Mama mkwe akakazana na neno lake la mwisho, nalo alilisema kwa sauti ya chini, kwa kusihi: "Lakini siku ya saba ni siku ya saba."

"Ya saba ikipita ipo ya kumi na nne, na ipo ya ishirini na moja, na weye ndo ulonifundisha. Lakini kama lazima iwe leo, mama, ni rahisi. Jirani yako si ana kitoto kichanga? Mchukueni huyo. Mnyoeni yeye badala ya wangu. Si kila kitu kina badali?"

Shemegi alitazama sakafu. Nilijiandaa kutukanwa, na nilikuwa tayari kutukanwa mpaka magharibi, mtoto wangu kifuani. Lakini mama mkwe hakunitukana. Aliketi pole pole kwenye kile kiti cha wageni, kikapu akakipakata yeye. Akamtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Alizaliwa mzima hivi, eh?" akauliza. "Hana alama?"

"Hana," muuguzi akajibu. "Wengi huzaliwa hivi."

"Nami wangu alizaliwa mzima hivi. Yule wa kabla ya hawa wawili. Mzuri, ananyonya. Arobaini hakufika." Akapangusa pua kwa ncha ya ushungi. "Wakanambia jicho la watu."

Yule naye hakupimwa, na aliko hapimiki. Hasira yangu haikwisha, msinielewe vibaya. Nilimwonea huruma nikiwa bado nimemkasirikia, na mpaka leo yote mawili ninayo. Aliinuka, akaokota wembe wake akaufunga kwenye pindo la kanga. Zile kanga mpya akaniwekea kitandani. Alipofika mlangoni akageuka akamwambia shemegi, hakuniambia mie: "Twende. Nina mtu wa kumtoa ndani."

Baada ya hapo sikusikia neno. Mbuzi aliliwa bila ya mwenyewe, hilo nililijua baadaye. Mie nikaendelea kukaa na mwanangu. Asubuhi anatiwa dawa, analia kidogo, namnyonyesha, analala. Jioni hivyohivyo. Mkono ukavimba, mpira ukahamishiwa mguuni. Mama wa kitanda cha pili alinisogelea siku moja watu wamelala mchana, akaniuliza taratibu kama ile sindano yangu inauma sana, kwa sababu na yeye kaambiwa. Nikamwambia inauma kama shetani, na achome. Na mumewe achome. Na amtazame akikaa.

Siku ya mwisho daktari alikuja akautoa ule mpira mguuni. Akambonyeza mtoto tumbo, akamwangalia macho, akasema sindano zimetimia na hakuna iliyokosekana. Tutamleta apimwe damu tena akifika miezi mitatu, na tena baadaye, mpaka damu iseme imetakasika. (Imesema. Siku daktari aliponambia hilo, hajamaliza kusema mie nimeshafika nje ya lango, nimesujudu kwenye mchanga, watu wananipita.) Lakini siku ile ya mwisho bado nilikuwa sijui hilo. Daktari akaniruhusu kwenda nyumbani. Nikamshukuru, nikakunja kanga zangu, nikakaa palepale kitandani. Muuguzi akaniuliza nangoja gari? Nikamwambia nangoja mtu. Asipokuja nakwenda kwa mama yangu, na huko sirudi.

Mchana ulipoingia akaja shemegi, peke yake. Akanisalimia, akavuta kiti, akaketi. Nikaanza kutafuta kiatu changu chini ya kitanda.

Kisha nikamuona mume wangu mlangoni. Hakuwa na kanzu wala manukato. Alikuwa na shati la kazini. Kutoka mlangoni mpaka kitandani kwangu si mbali, lakini alichukua muda wake. Anatupa mguu mmoja, anasubiri, anauvuta wa pili. Mkono kaushika nyuma, juu ya kalio, na kijasho kinamtoka usoni. Akafika akasimama mbele yangu. Hakutoa salamu, hakuomba radhi. Nilimtazama juu mpaka chini.

"Kaa kitako," nikamwambia, nikampigia godoro kando yangu.

"N'tasimama tu."

"Baba mtoto, umetoka mbali. Kaa kitako."

"Kukaa ndo siwezi," akasema.

Nikamgeukia shemegi. Kakaa kwenye kiti kwa makalio yote mawili, kaegemea, mguu kaupandisha juu ya mguu. Basi nikamfunua mtoto uso, nikamtia baba yake mikononi, naye akampakata vivyo hivyo kasimama.